Dalali kanipa mpaka Ijumaa: ninunue CNC ya mtumba au niache?

Ndugu Mhariri,

Mi ni fundi seremala wa Keko hapa Dar es Salaam, karakana yangu ina watu sita pamoja na mimi, na sio mtu wa kuandika magazetini, huwa nalisoma tu gazeti lenu nikisubiri gundi ikauke. Ila kuna jambo linaninyima usingizi wiki ya tatu sasa na najua sio langu peke yangu, maana kila nikipita kwa wenzangu nasikia yaleyale, fulani kaleta mashine, fulani kapigwa na mashine. Nimeona nililete kwako na wengine walisome, na mwenye kujua zaidi yangu anijibu hapahapa.

Jambo lenyewe ni mashine ya CNC ya mtumba. Kwa ambaye hajaiona, ichukulie kama rauta, ile mashine ya mkononi ya kuchonga mbao, ila kubwa na inatembea yenyewe juu ya meza, unachora mlango au kabati kwenye kompyuta, yenyewe inakata na kutoboa bila mkono wa mtu. Dalali mmoja kanipigia simu kwamba iko moja yadi, imeshuka na kontena kutoka Ulaya, ya Mtaliano, kibati chake kinasema 1999, uzito tani tatu hivi, bei milioni 32 na "tunaongea". Milioni 32 kwangu ni kiwanja na ada za watoto, lakini mashine ya namna hiyo ikiwa mpya kutoka hukohuko bei yake ni ya nyumba kabisa, kwa hiyo ukitajiwa 32 moyo unaruka. Na nilikuwa nimebanwa, kuna mteja wa apatimenti anataka milango 40 inayofanana pamoja na makabati ya jikoni ya nyumba kumi, kwa mkono hiyo ni kazi ya miezi minne na yeye kanipa miwili.

Nikaenda kuiona. Nimekuta imepakwa rangi mpya, inang'aa, kama gari lililooshwa injini nusu saa kabla mnunuzi hajafika. Nikamuuliza dalali, inakata? Akanijibu, fundi, hii inawaka. Nikarudia, nimeuliza inakata? Akasema bosi wangu we njoo na hela, hii chuma ya Mtaliano utamwachia mjukuu.

Kati ya "inawaka" na "inakata", Mhariri, pana safari ya kutoka Keko mpaka Mafinga.

Wakaiwasha. Taa zikawaka kweli, feni zikalia, skrini ikaja na mistari ya Kitaliano halafu ikasimama palepale. Kijana wangu anayejua mambo ya kompyuta akaisogelea akaitazama weee, akaniambia mzee, hii imesahau vipimo vyake. Nilidhani ananitania. Kumbe mashine nyingi za miaka ile zilikuwa zinaweka vipimo vyake vyote, yaani meza ina urefu gani, mota ikizunguka mara moja kichwa kinasogea milimita ngapi, biti ya kukatia namba tatu iko wapi, vyote hivyo kwenye kumbukumbu inayolindwa na kibetri kidogo, na mashine ikikaa stoo mwaka mmoja au miwili bila umeme kibetri kinakufa na kumbukumbu inakwenda nacho. Hapo unabaki na kitu kama mzee mwenye afya yake nzuri ila njia ya nyumbani haijui. Dawa yake ni flopi, zile diski nyembamba za kompyuta za zamani, au diski nyingine ambayo mwenye mashine wa kwanza alihifadhi nakala ya vipimo hivyo, na mara nyingi pamoja na karatasi zimebandikwa ndani ya mlango wa kabati la umeme. Tukafungua lile kabati. Karatasi hakuna, flopi hakuna. Dalali akasema hivyo ni vitu vidogo.

Basi huo usiku nilikaa na huyu kijana akawa ananieleza. Anasema mashine hizi sio za juzi kama tunavyodhani, ya kwanza walionyesha pale chuo cha MIT Marekani mwaka 1952, ilikuwa ya kukata chuma na maelekezo yake yalikuwa kwenye utepe wenye matundu. Toka hapo chuma chenyewe hakijabadilika sana, reli ni reli na skrubu ni skrubu, ubongo ndio unaozeeka. Na ndio maana hizi za Ulaya zinauzwa bei ya kutupa huko kwao, mwili bado una miaka ishirini mbele ila bodi zake hakuna kiwanda kinachozitengeneza tena, ikiungua moja unaanza kuwinda iliyotumika mtandaoni na wewe na Mungu wako kama itafika ikiwa nzima.

Safari ya pili nikaenda na fundi umeme, rafiki yangu wa siku nyingi, huyo hana maneno mengi. Kitu cha kwanza alichotazama ni volti. Kwa hii ya Ulaya tulikuwa salama, inataka fezi tatu za volti 400 na hezi 50, yaani mapigo ya umeme kwa sekunde, kama za kwetu. Ila akaniambia kuna watu wanaletewa za Marekani, hizo ni hezi 60 na volti zao ni nyingine kabisa, unaongeza transfoma, na hata ukiongeza, mota za kawaida kama ya pampu zinazunguka polepole kwa moja ya sita maana transfoma haibadilishi hezi. Kichwa chenyewe kinachokata hakina shida hiyo kwa sababu kina kifaa chake cha kuongoza mzunguko, ila wangapi wanajua hilo kabla ya kulipa?

Kisha akapiga hesabu ya umeme pale pale kwenye kipande cha boksi. Kichwa kilowati 7.5, pampu ya kunyonya inayoshika ubao mezani 5.5, feni ya kuvuta vumbi 4, kompresa 4, jumla 21. Haiwezi kula zote muda wote, hata ukichukua nusu, kwa saa nane ni zaidi ya uniti 80 kwa siku. Zidisha mwenyewe. Na pampu ndio mlaji mkimya, inanguruma hata wakati kichwa kimetulia na kijana anahangaika kupanga ubao. Ndani yake kuna vibao vya kaboni vinavyolika kidogo kidogo, vikiisha pampu inapiga kelele lakini hainyonyi, ubao unahama katikati ya kukata na biti inavunjika au ubao unaruka. Akaweka kiganja kwenye tundu la kunyonyea akasema hii inabusu tu, haishiki.

Halafu akabonyeza kitufe chekundu, kile cha dharura. Pampu ikaendelea. Akabonyeza tena. Ikaendelea tu. Akainama kwenye kabati akanionyesha kipande cha waya kimefungwa kuruka swichi zote za usalama, maana yake mashine ilikuwa inagoma kuwaka na mtu kaamua kuidanganya ili iwake mbele ya wateja. Mi nina vijana wanne pale karakana na mmoja tayari ana kidole kifupi kwa sababu ya msumeno. Dalali akasema huo waya unatolewa dakika mbili. Hapo mi sikujibu kitu.

Sasa nisije nikaonekana nasema za zamani zote takataka. Ile mashine nimeipenda, na kuna mambo ambayo hizi mpya za bei rahisi kutoka China haziwezi kuiga. Mwili wake mzito hautikisiki, inabadili biti yenyewe, na ina kichwa cha matundu mengi kinachoshuka kutoboa mstari mzima wa kabati kwa mara moja, matundu ya milimita 5 yaliyoachana milimita 32, ule mpangilio ambao bawaba na reli za droo za kisasa zimetengenezwa kuufuata. Kwa mtu anayefanya makabati ya jikoni kutwa kucha hiyo ni dhahabu. Ila angalia, mashine hizi za makabati nyingi meza yake sio bapa, ni mihimili yenye vikombe vya mpira, unahamisha vikombe kila saizi ya ubao ikibadilika. Ukitaka kutandika bodi nzima ya MDF, ile ya unga wa mbao ulioshindiliwa, ya futi nane kwa nne uikate vipande ishirini kwa mpigo mmoja, hapo sio mahali pake. Na nakshi ndio usiseme. Mlango wangu mmoja wa maua ya Kizanzibari kijana kaufanyia mchoro, faili likatoka megabaiti 18. Flopi moja, ambayo ndiyo anayokula huyu Mtaliano, inabeba 1.44. Tukahesabu flopi kumi na tatu kwa mlango mmoja, na bado haijulikani kama huyo mzee ana kumbukumbu ya kulimeza.

Kuna na suala la lugha. Unachora na programu, ila kila ubongo wa mashine una lahaja yake, kwa hiyo katikati lazima awepo mkalimani, kipande cha programu kinachogeuza mchoro kuwa amri za mashine ileile. Vijana wetu wengi wana programu ya kuchorea ya ArtCAM kwenye laptopu, ambayo kampuni yake, Autodesk, wenyewe waliacha kuiuza tangu 2018, na wamezoea kuitolea faili za mashine za Kichina. Ukiwaletea Mtaliano wa 1999 anayesikia lahaja ya kiwandani kwao tu, wanabaki kumtazama. Wapo wanaosema vua ubongo wote weka mpya, na inawezekana, wapo vijana wanaweza hapa hapa mjini, ila uliza kwanza kama ile kubadili biti yenyewe itarudi kufanya kazi, maana hapo ndipo wengi wanapoishia njiani, mashine inakata lakini biti unabadilisha kwa spana, na ulinunua kwa sababu ya hiyo.

Upande wa pili kuna hiyo mpya ya Kichina ya meza ya mita 1.3 kwa 2.5, ambayo nusu ya wenye CNC ninaowajua wanayo. Mwili mwepesi, ukiilazimisha mninga mgumu inatetemeka na kuacha michirizi, nyaya zake zinachoka mapema. Lakini inakula flashi, rimoti yake ya mkononi mtoto wa sekondari anaijua baada ya siku tatu, na ikifa kichwa unampa hela mtu wa Kariakoo anayekwenda Guangzhou, anakuletea na mzigo wake. Ukiniuliza ipi imara nitakwambia ya Mtaliano, ukiniuliza ipi itakuwa inafanya kazi Jumatatu ijayo sina uhakika na jibu hilo.

Pale karakana nina mzee mmoja mchongaji, mikono yake imechonga milango kabla mi sijazaliwa. Nilidhani atanuna kusikia mashine inakuja, hakununa, aliuliza swali moja tu, hiyo mashine inajua mbao imelala upande gani? Mi nikacheka, lakini ana haki. Mninga au mkongo ukiukata kinyume na nyuzi zake unachanika, mkono wa mzee unasikia na unageuza patasi, mashine inafuata mstari wake mpaka mwisho. Na akaongeza, hizo mbao mnazonunua mbichi mtazikata kwa vipimo vya nywele halafu zitanywea. Hilo limenikaa kichwani kuliko yote. Mashine inakuahidi usahihi wa sehemu moja ya kumi ya milimita, wakati fremu ya mlango ya sentimita kumi ukiikata haijakauka sawasawa inanywea milimita mbili au tatu yenyewe ukiwa umelala. Mwaka jana milango iliyorudishwa kwangu ilikuwa tisa na yote ilirudi kwa kupinda, hakuna hata mmoja uliorudi kwa sababu ulikatwa vibaya. Kwa hiyo nawaza, pengine hela hii ingejenga kwanza chumba cha kukaushia mbao, kitu ambacho hakuna dalali anayenipigia simu usiku kuniuzia.

Nikatoa daftari la oda. Machi mpaka Mei mwaka huu nilipokea oda 61. Vitanda, sofa, meza, milango, jiko. Nikaweka alama zile ambazo kweli zingepita kwenye CNC, zikatoka 14 tu, maana mashine haipigi msasa wala haipaki vanishi, haifungi kitambaa cha sofa, na msasa na vanishi ndipo siku zetu zinapoishia. Hizo 14 nilipeleka kukatisha kwa jirani mwenye mashine, kwa miezi mitatu nimemlipa jumla 1,870,000. Sasa weka bei ya 32 na milioni kama 6 za kuibeba, kuisimika, kuvuta fezi tatu na kununua biti, ni 38. Kwa kasi ninayomlipa jirani ni miezi 61 ndio nimerudisha, miaka mitano na mwezi, bado umeme, bado mshahara wa kijana wa kuiendesha, bado bodi moja kuungua. Oda ya apatimenti inabadilisha hesabu ni kweli, lakini hiyo ni oda moja, na mteja wa oda moja ndio huyohuyo anayetuingizaga mkenge kwenye mashine za kudumu. Nikamuuliza jirani kama anaweza kunikatia milango 40 kwa bei ya jumla, akasema nipe MDF na mchoro, siku sita. Siku sita, Mhariri! Mi nilikuwa tayari kuuza kiwanja.

Lakini sijaachana nayo, na hapa ndipo nataka wenzangu wanisaidie mawazo. Makabati ya jikoni yanaongezeka kila mwaka, nyumba zinajengwa, na jirani yangu akipata oda kubwa yake mimi nitakaa foleni. Kwa hiyo safari ya tatu nilikwenda na kipande cha MDF mkononi na venia, kile kipimio cha kupima mpaka vipande vya milimita, mfukoni. Kuna jaribio rahisi nilifundishwa na mtu aliyesoma Chuo cha Viwanda vya Misitu kule Moshi, na nadhani kila fundi alijue. Iambie mashine ikate duara la sentimita thelathini halafu pitisha kidole pembeni. Kama skrubu au gia zimelika, kwenye sehemu nne pale mhimili mmoja unapogeuza njia utasikia kibonde au kijingazi, na ukilipima na venia kwa pande tofauti namba hazilingani. Halafu ikate mraba, pima kona kwa kona zote mbili, zisipolingana ujue mwili umepinda au uliangushwa bandarini. Kichwa nacho kizungushwe polepole kwanza kisha kipandishwe mpaka elfu 18 kwa dakika, kiachwe robo saa, kisikilizwe, kishikwe, beringi zilizochoka zinajitangaza zenyewe kwa mlio na joto. Jaribio zima ni la saa moja.

Dalali akasema leo opareta hayupo. Kesho yake opareta yupo ila kompresa iko gereji. Keshokutwa kompresa ipo ila kuna mteja mwingine wa Mwanza anataka kutuma hela kwa simu bila hata kuiona, kwa hiyo mi ninapewa mpaka Ijumaa kwa heshima tu.

Ombi langu kwako Mhariri ni dogo. Huwa mnaandika vijana changamkieni teknolojia, sawa, hatukatai. Lakini mtafuteni na mtu wa VETA wa mafunzo ya ufundi au wa SIDO wa viwanda vidogo aeleze kwenye gazeti namna ya kuikagua mashine ya mtumba kabla hela haijatoka, kama ambavyo kila mtu mtaani anajua kufungua boneti ya gari, kuchomoa stiki ya oili na kutazama moshi. Kwenye gari hata shangazi yangu anajua kuuliza imetembea kilomita ngapi. Kwenye mashine ya milioni 32 tunauliza inawaka, tukiambiwa inawaka tunatoa hela. Na wenye karakana wenzangu wa Keko na Buguruni, kama wapo watatu wanne wa kuchangia mashine moja tukaweka kwenye fremu moja ya biashara kila mtu ana siku yake, mi nipo, tuongee, ila tukubaliane mapema nani atalipa bodi ikiungua siku ya mwenzie.

Kuhusu huyu Mtaliano, jana nimempa dalali masharti yangu kwa maandishi. Vipimo vya mashine vipatikane kutoka kwa waliomuuzia huko Ulaya na nipewe nakala kwenye flashi. Ule waya utolewe na kitufe chekundu kizime kila kitu nikiwa nimesimama pale. Pampu iwekewe vibao vipya. Halafu ikate makabati ya nyumba moja, MDF yangu, umeme nalipa mimi, siku nzima kuanzia saa mbili asubuhi. Ikifika jioni inakata bado, natoa milioni 24 hapohapo, tena keshi.

Alisema atanipigia. Leo ni Alhamisi, simu nimeiweka karibu na mashine ya randa na sauti nimeipandisha mwisho.

Wako,
Fundi seremala,
Keko, Dar es Salaam